Risiva Inapokwaruza: Mwongozo wa Kuboresha Usikivu wa FM Nyumbani

Watu wengi walionunua risiva nzuri ya muziki, yenye spika kubwa na sauti nzito, hushangaa kuona kwamba kwa upande wa redio ya FM chombo hicho kinazidiwa na kiredio kidogo cha betri kilichoko jikoni. Kasoro hiyo mara chache sana hutokana na risiva yenyewe. Kwa kawaida hutokana na waya mwembamba uliokuja ndani ya boksi, ambao mwenye nyumba aliuchomeka siku ya kwanza, akauacha umejikunja nyuma ya kabati la televisheni katikati ya nyaya za umeme, na hakuugusa tena. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuiondoa kasoro hiyo kwa gharama ndogo. Mfano nitakaoutumia ni wa nyumba ya baba yangu iliyoko Bagamoyo, kwa sababu nimeifanyia kazi kwa muda mrefu, na kwa sababu mahali pale pana karibu kila kikwazo anachoweza kukutana nacho msikilizaji wa pwani: umbali, bahari, chumvi, mabati na taa za LED.

Baba husikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku bila kukosa. Alikuwa amegundua kwamba akiushika ule waya kwa vidole na kusimama kando ya dirisha, sauti husafika, na akirudi kitini huharibika. Kwa hiyo mzee wa miaka 75 alikuwa akiisikiliza taarifa nzima akiwa wima, mkono juu, huku kiti chake kikiwa tupu hatua mbili tu kutoka aliposimama. Nilipomkuta katika hali hiyo nilisikitika, lakini pia nilipata jibu, kwa kuwa alikuwa amekwisha kunionyesha mambo mawili: kwamba risiva ilihitaji antena kubwa kuliko ile iliyokuwa nayo, maana mwili wake ndio uliokuwa ukifanya kazi hiyo, na kwamba mawimbi yalikuwapo dirishani lakini hayakuwapo kabatini.

Wimbi la FM linavyosafiri

Matangazo ya FM katika Afrika Mashariki hurushwa kati ya megahezi 87.5 na 108. Ukigawanya 300 kwa namba ya kituo unapata urefu wa wimbi lake kwa mita, kwa hiyo kituo cha megahezi 100 kina wimbi la mita 3. Inafaa kuikumbuka namba hiyo, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini antena nzuri ya FM ina urefu wa karibu mita moja na nusu, na kwa nini kuusogeza waya hatua moja tu ndani ya chumba kunaweza kuibadili sauti kabisa.

Wimbi hili hunyooka karibu kama mwanga wa tochi, wala haliwezi kuvuka nchi nzima kama masafa mafupi waliyoyasikiliza wazee wetu. Ukitaka kukadiria umbali linaofika, chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mnara kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako kutoka ardhini, kisha zidisha jumla hiyo kwa 4.12, nawe utapata kilomita. Tuchukulie mtambo ulioko mita 150 juu ya ardhi. Waya ulioko mita 1 kutoka sakafuni unaweza kuuona mtambo huo kutoka kilomita 55 hivi, ulioko mita 4 kutoka kilomita 59, na ulioko mita 9 kutoka kilomita 63. Kutoka katikati ya Dar es Salaam hadi Bagamoyo, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 59. Ni wazi basi kwamba waya wa nyuma ya kabati ulikuwa chini ya upeo, ukiambulia mabaki ya wimbi lililojipinda, ilhali kenchi za paa la nyumba hiyo hiyo zilikuwa zinatazamana na mnara.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kubadili chochote

Chukua daftari, uandike vituo vyote unavyotaka kuvisikiliza, na kila kimoja ukipe alama kuanzia 1 hadi 5, ambapo 1 ni kelele tupu na 5 ni sauti safi ya stirio. Kama risiva yako ina kipimo cha nguvu ya mawimbi kwenye kioo chake, andika na hicho. Kazi hii huonekana ya kitoto, lakini bila daftari sikio hudanganya, hasa baada ya saa mbili za kupanda na kushuka ngazi. Kisha kila utakapofanya badiliko, fanya moja tu, halafu urudie kupima vituo vyote.

Kipimo cha pili ni redio ya gari. Egesha gari nje ya nyumba, zima injini, na upitie vituo vile vile. Kama gari linavishika vizuri, mawimbi yapo na shida iko ndani ya nyumba. Kama hata gari linakwaruza, utahitaji kwenda juu ya paa, na ni vyema kulijua hilo mapema kabla hujamaliza siku nzima ukihangaika sebuleni.

Kabla hujaendelea, jaribu pia kuiweka risiva kwenye mono. Kituo cha stirio hutuma jumla ya sauti ya kushoto na kulia, ambayo ndiyo mono, kisha hubebesha tofauti ya pande hizo mbili kwenye kibebeo cha kilohezi 38, pamoja na mlio mwembamba wa kilohezi 19 unaoijulisha risiva kwamba hapa pana stirio. Ile sehemu ya tofauti ndiyo inayochafuka kwanza mawimbi yanapodhoofika, na ili ukimya wa stirio ulingane na wa mono panahitajika mawimbi yenye nguvu zaidi kwa takriban desibeli 20, yaani mara 100. Ndiyo maana kituo kinachochakacha vibaya kwenye stirio huweza kutulia papo hapo ukibonyeza kitufe cha MONO au FM MODE. Kwenye risiva nyingine hakuna kitufe hicho, lakini ukitafuta kituo kwa mkono badala ya kuiacha ijitafutie, inabaki kwenye mono. Kwa taarifa ya habari, hotuba na mpira, hakuna unachopoteza. Ukiridhika na mono, unaweza kuishia hapo bila kununua kitu.

Hatua ya pili: ikague risiva na tundu lake la antena

Risiva nyingi za mtumba zinazouzwa kwetu zilitengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine. Iliyotengenezwa kwa soko la Marekani huruka megahezi 0.2 kwa kila hatua na kutua kwenye namba witiri tu, kama 88.1, 88.3 na 88.5, kwa hiyo kituo cha 88.4 huiponyoka na kusikika kikiwa kimekatikakatika hata kama antena ni bora. Baadhi ya risiva zina swichi ya nyuma au mpangilio wa ndani wa kubadili hatua hizo, na kijitabu chake hueleza. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani huanzia megahezi 76 na mara nyingi huishia 90 au 95, tatizo lile lile wanalolijua wenye magari yaliyotoka huko, na hapo hakuna antena itakayoleta vituo vya 100 na kuendelea. Kumbuka pia kwamba Marekani hutumia umeme wa volti 120 na Japani volti 100, kwa hiyo usiichomeke risiva ya namna hiyo kwenye umeme wetu wa volti 230 bila transfoma ya kupunguza.

Nyuma ya risiva kuna tundu la antena ya FM. Lipo la kusukuma, kama la televisheni za zamani, na lipo la kufunga kwa kuzungusha, kama la dishi. Yote mawili ni ya omu 75 na yanapokea kebo ya koaksia, yaani ule waya mnene wa duara unaotumika kwa madishi na ving'amuzi. Risiva za zamani zaidi zina skrubu mbili za omu 300 kwa ajili ya waya bapa, na hizo zinahitaji kigeuzi kidogo cha 300 kwenda 75, kinachopatikana madukani kwa wauza vifaa vya televisheni. Usichanganye tundu la FM na skrubu za AM, ambazo ni za antena ya duara tu.

Ukague muunganiko wenyewe ukiwa na mwanga wa kutosha. Katika nyumba ya baba nilikuta fundi aliyetangulia amefunga plagi ya koaksia, na unywele mmoja wa shaba kutoka kwenye wavu wa nje ulikuwa umeinama, ukaugusa waya wa kati. Ulikuwa mwembamba kiasi kwamba niliuona tu nilipoigeuza plagi chini ya tochi ukametameta. Unywele huo peke yake ulikuwa unayaua karibu mawimbi yote kabla hayajaingia kwenye risiva.

Hatua ya tatu: ondoa kelele zinazozaliwa ndani ya nyumba

Hatua hii watu huiruka, wakakimbilia kununua vifaa, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili uvumilivu kuliko zote. Taa za LED za bei nafuu, chaja za simu, inveta za sola, ving'amuzi, ruta za intaneti na hata kebo za HDMI, zile zinazounganisha king'amuzi na televisheni, hutoa mawimbi ya vurugu ambayo huangukia humo humo kwenye masafa ya FM. Kituo chenye nguvu huyashinda bila wewe kujua. Kituo dhaifu humezwa, na msikilizaji hudhani kwamba mnara uko mbali mno.

Tafuta redio ndogo ya betri, ishikishe kituo kimojawapo kilicho dhaifu, kisha izungushe nyumbani polepole ukiisogeza karibu na kila kifaa kinachotumia umeme. Mahali ambapo kituo kinapotelea kwenye mchakacho, umempata mchawi. Baada ya hapo fanya jaribio kubwa zaidi: redio ya betri ikiwa inaimba, zima meini swichi. Kama usikivu unaboreka ghafla, kelele ni ya nyumba yako mwenyewe, nawe utawasha breka moja moja hadi utakapoijua njia yenye kosa. Kama haubadiliki, kelele inatoka kwa jirani, kwenye nguzo au haipo kabisa.

Sebuleni kwa baba kulikuwa na taa sita za LED. Nne hazikuwa na neno. Mbili, zilizonunuliwa pamoja na zenye umbo lile lile, zilikuwa zikifuta vituo viwili vya Dar es Salaam kila zilipowashwa, na kwa kuwa taarifa ya habari ni ya usiku, zilikuwa zikiwashwa kila siku saa ile ile aliyoihitaji redio. Alikuwa amekwisha kuamini kwamba kituo hupunguza nguvu usiku. Tulizibadilisha kwa nyingine tulizozijaribu kwanza kwa redio ya betri dukani, jambo ambalo muuzaji aliliona geni lakini alituruhusu, na alama za vituo hivyo viwili zikapanda kutoka 2 hadi 3 kabla antena haijaguswa.

Vifaa visivyobadilishika, kama king'amuzi na ruta, visogeze walau mita moja na nusu kutoka kwenye risiva na kwenye waya wa antena. Chomoa kebo ya HDMI ya televisheni kisha usikilize. Kama sauti inasafika, tumia kebo ya HDMI iliyo fupi na yenye kinga nzuri, au bana kwenye ncha zake vile vidude vyeusi vya feraiti vinavyofunguka kama ganda la karanga. Waya wa antena usilale kamwe sambamba na waya wa umeme. Ikilazimu vikutane, vikatane kwa pembe mraba.

Hatua ya nne: tengeneza dipoli

Antena itakayokufaa zaidi kwa gharama ndogo ni dipoli, yaani mikono miwili ya waya iliyonyooka kwa mstari mmoja, yenye jumla ya nusu ya wimbi. Waya halisi huhitaji kuwa mfupi kidogo kuliko hesabu, kwa hiyo gawanya 142 kwa masafa ya kituo ili upate urefu wote kwa mita. Kwa katikati ya bendi nzima, karibu megahezi 97.5, jibu ni karibu mita 1.46, nami hukata kila mkono sentimita 73. Kama kituo unachokitaka kuliko vyote kiko chini kabisa ya bendi, karibu na 88, kata kila mkono sentimita 80. Kama kiko juu, karibu na 107, sentimita 66 zinatosha.

Utahitaji waya wa shaba wa umeme wa milimita 1.5 au 2.5 za mraba, kebo ya koaksia aina ya RG-6 ya kutosha kufika kwenye risiva, kipande cha bomba la plastiki la mafundi bomba au ubao mkavu wa mita 1.6, plagi inayolingana na tundu la risiva, tepu ya umeme, na ikiwezekana mtu wa kulehemu. Menya kebo sentimita 3, usokote wavu wa nje uwe kamba moja, na uuache waya wa kati peke yake. Waya wa kati uunganishe na mkono mmoja wa dipoli, wavu uunganishe na mkono wa pili, ukihakikisha mikono hiyo miwili haigusani na imeachana kwa sentimita 1 au 2 katikati. Lehemu maungio yote mawili. Kusokota bila kulehemu hufanya kazi siku ya kwanza, lakini pwani ya Bagamoyo chumvi huingia kati ya nyuzi za shaba na kuzigeuza kijani ndani ya msimu mmoja.

Nyoosha mikono juu ya bomba, uifunge kwa tepu kila baada ya sentimita 15. Kisha, karibu kabisa na maungio, izungushe kebo yenyewe mara tano au sita kwa duara lenye kipenyo cha sentimita 15 hivi na uifunge isifumuke. Duara hilo huzuia kebo isigeuke kuwa sehemu ya antena na kuzoa kelele za ndani ya nyumba kuzipeleka juu. Watu wengi huliacha kwa kudhani ni pambo. Kwa nyumba yenye taa na inveta nyingi, siliachi hata mara moja.

Hatua ya tano: mahali, mwelekeo na mlalo

Dipoli iliyolazwa husikia vizuri upande wa mbele na wa nyuma yake, na husikia vibaya kule ncha zake zinakoelekea. Ukitaka kituo, kionyeshe ubavu wa antena na wala si ncha yake. Bagamoyo inatupa mfano mzuri ajabu wa jambo hili. Dar es Salaam iko kusini-mashariki. Mji wa Unguja uko kaskazini-mashariki, ng'ambo ya maji, takriban kilomita 44. Pembe kati ya miji hiyo miwili ukisimama Bagamoyo ni mraba kamili au karibu nayo, kwa hiyo dipoli iliyolazwa ili iisikie Dar es Salaam inaielekezea Unguja ncha yake, mahali pale pale inapokuwa kiziwi. Mama ni mzaliwa wa Unguja na hakuwa tayari kuipoteza redio ya kwao, na sikuona sababu ya kumwambia avumilie.

Ufumbuzi ulikuwa kuisimamisha dipoli wima. Dipoli ya wima husikia sawasawa pande zote za upeo. Aidha, vituo vingi hurusha mawimbi ya wima, au mchanganyiko wa wima na mlalo, ili kuwafikia wenye magari na redio za mkononi, na antena isiyolingana na mkao wa mawimbi ya kituo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu. Hakuna namna ya kujua bila kujaribu: shika bomba lako kwa mlalo, usikilize, kisha ulisimamishe, huku mtu mwingine akiwa ndani akiandika alama. Katika nyumba ile wima ulishinda kwa vituo vyote isipokuwa viwili. Ukiisimamisha, kebo iondoke katikati ya antena kwa mlalo umbali wa mita moja hivi kabla ya kushuka, kwa sababu kebo iliyolala sambamba na mkono wa chini huiharibu antena.

Wale ambao hawawezi kupanda paa wasikate tamaa. Weka dipoli dirishani upande unaoelekea mnara, lakini ukumbuke kwamba grili za chuma na neti za waya hulikata wimbi, kwa hiyo dirisha lenye grili nzito linaweza kuzidiwa na ukuta wa matofali usio na nondo nyingi. Chini ya paa la makuti au la vigae vya udongo, dipoli hufanya kazi vizuri ikiwa juu ya dari. Chini ya mabati haifanyi, kwa kuwa bati ni ukuta kwa wimbi hili, na kuipandisha juu ya dari ni kuifungia ndani ya sufuria.

Wanaoishi katikati ya mji, karibu na minara, huwa na tatizo la namna nyingine. Kipimo cha risiva huonyesha mawimbi yamejaa, lakini sauti inakwaruza hasa kwenye herufi s na sh, na muziki wa fidla hupasuka. Hayo ni mawimbi ya kituo kile kile yanayofika mara mbili, moja kwa moja na baada ya kugonga jengo refu. Nguvu zaidi haitasaidia. Sogeza antena nusu mita kushoto, kulia, juu, chini, na uigeuze ili ncha yake ielekee kule mwangwi unakotoka. Ni kazi ya subira, na mara nyingi sentimita 40 hutenganisha mahali pabaya na pazuri.

Hatua ya sita: kupanda juu ya paa

Dar es Salaam ilizima mitambo ya televisheni ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na tangu hapo nyumba nyingi zimebaki na milingoti ya antena za zamani ambayo haina kazi. Baba alikuwa na mmoja, bomba la chuma lililofungwa ukutani kwa vibano vitatu, na ncha yake ilikuwa karibu mita 9 kutoka ardhini. Tuliishusha antena kuukuu, maana ilikatwa kwa masafa ya juu zaidi na haiwezi kushika FM kama dipoli, tukaunga kipande cha mti mkavu cha mita 2 juu ya bomba la chuma, na dipoli ikafungwa kwenye mti huo. Antena ya wima haipaswi kuwa sambamba na chuma kilicho karibu nayo, ndiyo sababu ya mti.

Kebo ya RG-6 hupoteza takriban desibeli 2 kwa kila mita 30 kwenye masafa haya, kwa hiyo mita 15 za ziada si balaa, lakini usizikunje nyuma ya kabati. Kata. Pale kebo inapoingia ndani ya nyumba, ipinde kidogo kuelekea chini kabla ya tundu ili maji ya mvua yadondoke badala ya kuifuata hadi sebuleni. Maungio ya juu yafunikwe kwa tepu tabaka mbili na silikoni juu yake. Usiiunganishe kebo hii na ya dishi kwa kigawanyio: kebo ya dishi hubeba umeme wa volti 13 au 18 kwa ajili ya kichwa cha dishi, na umeme huo haupaswi kufika kwenye risiva.

Usipande siku yenye upepo wala peke yako, na kamwe usisimamishe bomba mahali ambapo likianguka linaweza kugusa nyaya za umeme wa mtaani. Mlingoti wa chuma ufungwe waya mnene wa shaba unaoshuka kwa njia iliyonyooka hadi kwenye fimbo iliyochimbiwa ardhini, na fundi umeme aunganishe fimbo hiyo na ardhi ya nyumba. Hilo hupunguza hatari lakini halizuii radi, kwa hiyo wingu likianza kunguruma chomoa kebo ya antena kutoka kwenye risiva na uiweke mbali nayo. Kwa walio ukanda wa Ziwa Victoria, ambako radi ni nyingi mno, ningesema uchomoe kila unapomaliza kusikiliza.

Kuhusu vikuza mawimbi

Nitasema wazi kwamba vikuza mawimbi vinavyouzwa kwa maneno mengi madukani ndivyo vilivyowapotezea wasikilizaji fedha nyingi. Kikuza hakitengenezi mawimbi, hukuza kilichopo pamoja na kelele zake, na huongeza kelele zake chenyewe. Rafiki yangu wa Dar es Salaam, anayekaa karibu na mnara wa kurushia matangazo, aliuziwa kimoja, na baada ya kukifunga, kituo cha jirani kilianza kujitokeza sehemu nne tofauti za bendi, kikifunika vingine. Tulipokitoa, vikarudi. Kikuza kina faida pale tu ambapo hakuna mnara wa karibu, kebo ni ndefu sana, na chenyewe kimefungwa juu kwenye antena, si nyuma ya risiva.

Kama dipoli iliyo juu na isiyo na kelele bado haitoshi, fedha yako iende kwenye antena ya yagi ya FM, yaani ile ya fito zilizopangwa sambamba, yenye vipande vitatu au zaidi. Ya vitatu huongeza karibu desibeli 5 juu ya dipoli upande inaoelekezwa, na hupunguza mawimbi yanayotoka nyuma, jambo ambalo kikuza hakiwezi. Gharama yake ni kwamba inasikia upande mmoja tu, na nyumbani kwa baba ingempokonya mama Unguja, kwa hiyo hatukuinunua.

Baada ya kufunga

Usihukumu kazi yako kwa jioni moja. Kwenye pwani zipo jioni tulivu ambapo tabaka za hewa juu ya bahari huyabeba mawimbi mbali kuliko kawaida, na vituo vya mbali sana huingia na hata kufunika vya karibu, kisha asubuhi vikatoweka. Pima asubuhi, mchana na usiku kwa siku tatu, halafu hifadhi vituo kwenye kumbukumbu ya risiva, vile dhaifu ukiviweka kwenye mono moja kwa moja, kwa kuwa risiva nyingi hukumbuka hilo kwa kila kituo.

Daftari la baba linaonyesha vituo kumi na moja vilivyoanza na wastani wa 2. Saba sasa vina 5, viwili vina 4, na viwili vilivyobaki, ambavyo ni vile vya mlalo, vina 3 kwenye mono. Kiti chake kimehamishiwa kando ya spika. Kila mwaka kabla ya masika, mwezi Februari, tunashusha ule mti, tunafungua tepu, na tukikuta shaba imeanza kuwa kijani tunakata sentimita 1, tunalehemu upya na kufunika tena kwa silikoni.